Dakika Sita

Hapa saa haina dakika sitini.
Ina vipande kumi, kila kipande dakika sita,
na kila kipande kina mtu wa kukilipia:
barua, sita; simu, sita;
mkataba wa pango la duka la mikate kule Barry, kumi na nane.
Nikienda msalani saa husimama.
Nikilia msalani pia.

Ghorofa ya nne, Cardiff, mvua ya ubavu.
Chini barabarani wamepaka kwa rangi nyeupe: ARAF.
Ni Kiwelisi, maana yake polepole.
Siku ya kwanza kulisoma nilishtuka,
maana Aarafu niliyofundishwa chuoni
ni mahali pa juu kati ya Pepo na Moto,
wanaposimama wale ambao mizani yao imelingana,
huku hawajaingia, kule hawajatupwa.
Nikasema, kumbe ofisi yetu ina kibao chake.

Iestyn alikaa meza ya dirishani,
kikombe chake mpini umeungwa kwa gundi.
Barua pepe zake zilianza kufika saa tisa usiku,
zote zikifungua kwa "samahani kwa kuchelewa",
hata zile alizojibu kabla hajaulizwa.
Mimi nilizisoma saa tisa na robo.
Hilo nalo liandikwe.

Februari alikaa garini, maegesho ya chini,
mkanda amefunga, injini inanguruma,
tangu saa mbili unusu hadi adhuhuri,
mkono ukishindwa na kitasa cha mlango.
Mlinzi aligonga kioo, akampa peremende,
akakaa kiti cha pili bila kuuliza.

Juu tuliletewa kapu la matufaha.
Tukabandikiwa picha ya mwanamke mkekani, anatabasamu.
Semina ya ustahimilivu, Jumatano, saa ya chakula;
atakayehudhuria afidie muda wake jioni.
Tuliyatafuna matufaha huku tunaandika.

Ndipo Bi Prosser, ambaye jina lake liko mlangoni,
akasimama kikaoni na miwani mkononi.
"Mwaka ule mliambiwa nimevunjika nyonga.
Nyonga yangu haijavunjika hata siku moja.
Wiki tisa nililazwa kwa kuwa sikutaka kuishi.
Niliporudi nilichechemea mwezi mzima, na mkongojo,
ili uongo upate ushahidi."
Hakuna aliyekohoa.
Nilikumbuka wahenga: mficha maradhi kifo humfichua.
Huyu alikitangulia kidogo tu.

Wiki ile mfumo wa saa ukaongezwa namba mpya,
sabini na saba, haimdai mteja yeyote,
na dakika zake zahesabiwa kama za kazi:
kumsikiliza mwenzio, au kusikilizwa.
Lengo la mwaka halikupungua hata chembe.
Na namba ile tuliizunguka kama mtego wa panya,
Machi yote, Aprili yote.

Mei Iestyn amerudi, siku tatu kwa juma.
Leo nimemkuta kwenye ngazi za moto, nje,
akaniuliza, kwenu wakili huitwaje?
Wakili, nikamwambia.
Na hiki? Akagonga kipaji cha uso.
Akili.
Akaviandika vidoleni, herufi kwa herufi,
akaona moja imekaa ndani ya jingine
kama mtu garini, mlango umefungwa.
Alicheka, kisha hakucheka.

Nimerudi mezani. Nimefungua sabini na saba.
Muda: dakika sita.
Maelezo ya kazi: tumemtazama shakwe
akipigana na karatasi ya chipsi, akashindwa.
Hatukuzungumza sana.
Kidole kilitetemeka, nikawasilisha.

Kisha nikairudia, nikasahihisha:
zilikuwa arubaini na mbili.