Daftari la Ukuta wa Nyuma

Niliukata kwa kisu cha mkate, kule Kinyerezi,
siku katapila limezimwa kupisha chakula cha mchana
na dereva amelala kivulini mwake, kofia usoni.
Shina la kijani lenye unga wa samawati,
kama chokaa inayobaki kidoleni ukigusa ukuta.
Nikauviringisha kwenye gazeti, nikapanda nao bajaji hadi Tabata
mithili ya mtu aliyenunua samaki.

Mwanahawa akauliza: mpesheni?
Nikasema, wa ukoo huo, ila wa porini,
wa hapahapa, kabla yetu na hati zetu za viwanja.
Unazaa?
Hauzai kitu cha kutia kwenye glasi.
Akanitazama kama alivyonitazama mwaka ule
niliporudi mnadani na saa ya ukutani isiyotembea.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa hesabu.
Sijui kupenda kitu bila kukihesabu.
Basi, daftari jipya, wino wa buluu na wino mwekundu.
Machi: majani manne.
Masika yakaingia: ishirini na sita.
Vikono vikaanza kupapasa hewani,
vikaukamata waya wa kuanikia nguo,
kimoja kikajizungusha kwenye kola ya kanzu yangu.
Ijumaa hiyo nilikwenda msikitini na ya zamani.

Ndipo akaja,
rangi ya tofali la kuchoma, ncha za mbawa kama kioo,
akiruka polepole, kama asiyedaiwa na mtu.
Akatulia chini ya jani moja, muda mrefu.
Alipoondoka nikavaa miwani:
mayai, ya manjano, yamebanana kama punje kwenye gunzi.
Nilijaribu kuyahesabu. Mara tatu.
Kila mara nilipata jibu jingine.

Viwavi walikuwa weusi, wa miiba, na walikula kwa kikosi.
Jumatatu, majani mia na tisa.
Jumatano, sabini.
Jumapili, kumi na moja, nayo yametobolewa.
Nikaandika kwa wino mwekundu, kwa mkono uliozoea:
hasara.

Bwana Chilongani akapitisha bomba la dawa juu ya ukuta,
mkono tu na bomba, uso hauonekani.
"Shika, jirani. Dakika tano umewamaliza.
Mimi nauhofia mchicha wangu."
Nikamwambia mchicha hawaugusi,
wangekufa njaa wakiwa wameukalia.
Nikamwambia pia: huu nimeupanda uliwe.
Kimya upande wa pili.
Mkono ukabaki pale kidogo,
kisha ukarudi na bomba lake.

Usiku, gizani, kitanda kikatikisika kwa kicheko:
"Mume wangu kastaafu,
sasa ni mama ntilie wa wadudu."

Vikaja vifuko. Kwenye waya, kwenye fremu ya dirisha,
kimoja kwenye mpini wa ufagio, tukanunua ufagio mwingine.
Vyeupe, vya mistari myeusi,
kama risiti ndogo zilizokunjwa
ambazo hakuna aliyezidai.

Aliyeona wa kwanza ni yeye, si mimi.
Akaniita kabla ya chai, kwa sauti ya kunong'ona,
yeye ambaye huniita hadi mtaa wa tatu unasikia.
Mbawa zilikuwa mbichi, zimekunjamana,
zikining'inia kama leso iliyotoka kukamuliwa.
Tukasimama. Uji ukafurika jikoni, ukaunguza jiko.
Hatukwenda.

Hawakukaa. Wala hawakuaga.
Walipanda, mmoja mmoja, wakavuka ukuta,
na kule ng'ambo nikamsikia Chilongani:
"Nyemo! Njoo uone. Taratibu. Usiguse."

Nimelifungua daftari.
Sijui waliovuka ukuta huandikwa upande gani.
Mstari huo nimeuacha wazi.

Mmea wenyewe sasa ni kamba tupu juu ya waya.
Lakini pale lilipoliwa jani la kwanza
kuna nukta, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti.
Wino wa buluu: moja.
Halijafunguka bado.