O, tena O

Kila inapomwaga, kompyuta huandika O.
Nyeupe juu ya weusi,
kama mdomo wa mtu aliyekatizwa kusema.
Usiku huu imeandika safu mbili na nusu.

Ni Februari, Hiiumaa, kibanda cha mbao nyuma ya nyumba ya Endel.
Antena imeinua uso juu ya misonobari
inachota anga, vipimo milioni hamsini kwa sekunde,
na kila kipimo kina zamu yake mlangoni.
Kinachochelewa hakingojwi.
Kinachochelewa hakikuwahi kuwapo.

Katika lugha yetu, O mbili zikiwekewa nukta,
öö, ni usiku.
"Basi inatuambia tukalale," akasema Endel,
asilale.

Alitengeneza simu miaka thelathini na mmoja
na haamini kisichoshikika.
Akaanza na waya. Akauchomoa, akapuliza, akachomeka.
Akaleta mwingine, mfupi, mnene, wa bluu,
aliouhifadhi katika kopo la biskuti kama mahari.
O.
Tukahama tundu, la mbele, la nyuma,
hata lile ambalo kipanya hakijawahi kuligusa.
O. O.
Tukaongeza akiba ya kumbukumbu,
pipa kubwa chini ya bomba lilelile.
Dakika nne kimya. Nikathubutu kukata mkate mweusi.
Zikaja kwa mkupuo, OOOOOOO,
maana pipa kubwa halizuii kufurika,
huahirisha aibu tu.

Ningeweza kuziacha. Ni chache, kwa milioni hamsini.
Lakini tunasikiliza nyota iliyokufa
inayozunguka kabla robo tatu ya sekunde haijatimia,
na kila tone likidondoka saa yetu inalegea,
pigo linalofuata linaonekana limewahi.
Ningeandika kwamba nyota ina kigugumizi
kumbe kigugumizi ni changu.

Saa nane nikakikuta kichakataji kinasinzia:
kiwandani walikiagiza kibane umeme
nacho kikatii, mtumwa mwema,
kikiamka kila kazi ilipokwisha kupita.
Nikakifungulia mbio zote. Feni ikalia kama mbwa aliyefungiwa nje.
O zikapungua.
Kupungua si kwisha.

Nikaenda ndani kuchemsha kahawa.
Endel akaenda kuleta kuni, akakawia kwa sababu ya theluji.
Tuliporudi skrini ilikuwa imejizima yenyewe,
na katika daftari la mashine
dakika kumi na tisa bila hata herufi.
Nikagusa kipanya.
Picha ikafunguka, yale maporomoko ya rangi,
buluu, manjano, uzi mwekundu wa masafa ukishuka,
tuliyoyakodolea macho tangu jioni,
na chini yake, papo hapo,
O.

Tukaangaliana.
Kila mstari wa rangi ulihitaji kuchorwa,
na mchoraji na msikilizaji walikuwa wakila sahani moja.

Nikafunga dirisha la picha.
Hapakubaki cha kutazama. Kiashirio tu, kikipepesa.
Endel hakujua aweke wapi mikono yake.
Akafuta miwani. Akauliza kama bado inafanya kazi.
Nikasema ndiyo. Akauliza tena.
"Simu ikiwa nzima," akasema mwishowe, kwa sauti ya kujikaripia,
"hakuna anayempigia fundi."
Tukazima na taa.

Saa kumi na dakika kumi na mbili pampu ya joto iliwaka
na zikaandikwa mbili, zimeshikana.
Labda ni pampu. Labda ni diski imekohoa.
Sikuinuka.
Endel aliwasha tochi, akazinakili kwa penseli
kwenye bahasha ya bili ya umeme,
saa, dakika, OO,
kisha, polepole, akaziwekea nukta zake.