Gego la Kushoto

Ruwi, saa nne. Kipoza hewa kinadondoka ndooni.
Hospitali ya serikali wamesema:
kung'oa, tutakung'olea.
Kuziba mzizi na kulivika kofia, hayo hayamo.
Ndiyo nikaja kwa hawa wa bima ya nyongeza.

Muhannad ananipa fomu, kurasa sita,
anauliza kwa adabu, kalamu tayari:
"Bi Ghaniya, jino lilianza kuuma kabla ya mkataba?"

Mwanangu, liliota kabla ya mkataba.
Limetafuna muhogo Wete, halwa Ibra,
na mfupa wa shuwa Idi iliyopita, ndio ulioliponza.

Akacheka. Akajizuia. Akaandika.
Sikuona alichoandika.

Riyali kumi na mbili kwa mwezi,
na meno hayalipiwi mpaka upite mwezi wa sita.
Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wakubwa;
bei yake hawakuitaja.

Nikapiga hesabu kwa ulimi,
nikaugusa ufa, ukanijibu mpaka sikioni.
Nikatia sahihi.

Sasa natafunia kulia.
Kushoto nimekuambia kungoje,
kama mgeni aliyeachwa sebuleni
na chakula anakisikia harufu.