Kipengele cha Kumi na Nne

Halmashauri ya Skelby, Uingereza, imegawa zabuni:
nyumba kwa huyu, matunzo kwa yule,
mabomba na taa kwa wa tatu
aliyepunguza bei hadi wenzake wakacheka.

Bi Winifred hakuomba zabuni.
Ana miaka themanini na mitatu
na sweta ya vifungo tisa.

Agnieszka huingia saa mbili na dakika tano.
Mkataba unampa robo saa:
dawa, chai, choo, sahihi.
Vifungo pekee vinakula dakika nne,
vidole vya bibi havina habari na mkataba.

Bomba la jikoni linadondoka. Haba na haba,
ndoo imejaa mara mbili tangu Jumatatu.
Taa ya ngazini imekufa.
"Usiguse," alionywa kazini, "hiyo ya mkandarasi mwingine."

Mkandarasi mwingine yuko njiani tangu Pasaka.

Agnieszka anatazama saa, anatazama ngazi,
anavua viatu, anapanda kiti.
Balbu kainunua mwenyewe.
Winifred anakishika kiti kwa mikono miwili,
mikono ile ile iliyoshindwa na vifungo,
nacho hakitikisiki.

Kwenye fomu, penye "Huduma iliyotolewa",
Agnieszka anaandika: chai.