Kifaransa cha Kibirizi

Tumerudi, Mwavita, na masanduku matatu.
Moja lilivunjika gurudumu stesheni ya Tabora,
tukalibeba mpaka Kigoma kama mgonjwa,
wewe kichwani, mimi miguuni.

Ndani yake: tasnifu mbili, sufuria ya chuma
uliyokataa kumwachia yule Mreno wa chumba cha pili,
na koti lako la baridi, ambalo mama
amelitundika sebuleni Gungu
wageni waliguse.
"Hili mtu analivaa akiwa mzima?" kauliza shangazi.

Miaka minne na miezi saba.
Mimi nahesabu kwa vibali:
foleni ya alfajiri nje ya ofisi yao, Grenoble,
pumzi zetu zikifuka kama kuni mbichi,
karatasi kumi na moja mkononi, na yule dada wa dirishani
akisema imekosekana moja.
Siku zote ilikosekana moja.

Wewe wahesabu kwa chupa za mawese.
Sita, kila moja imevishwa soksi tatu.
Ya nne ilipasuka begini
na kitabu cha takwimu kikanukia wali wa sikukuu
mpaka siku ya kukirudisha maktaba.

Dirishani kwetu palikuwa na milima.
Jioni ya kwanza, hata duka la chumvi hatujalijua,
ulisimama pale, kitenge juu ya suruali,
ukasema: "Ile ni Kongo."
Nikasema ndiyo.
Tukaishi hivyo, ng'ambo ya ziwa lisilokuwepo.

Ulitetea wewe kwanza, mwezi wa Juni.
Watu watano mezani, jagi la maji,
nawe ukawafunulia tope la Tanganyika
tabaka kwa tabaka, kama mtu anayekunjua nguo za marehemu.
Mmoja akauliza: na harufu yake, umeijuaje?
Haikuwamo kwenye ukurasa wowote.
Ukajibu: nimeogeshwa humo.
Nikaiona kalamu yake imesimama.

Yangu ilichelewa.
Usiku ulinisomea marejeo, mwaka, mji, mchapishaji,
kwa sauti ya karani anayeita abiria.
Tukagombana juu ya nukta.
Haikuwa nukta.
Ulikuwa umepewa kazi hukohuko, miaka miwili,
na barua yake imelala chini ya sufuria.
Hukuniambia. Niliiona. Sikukuambia.

Leo asubuhi, Kibirizi.
Dagaa wameanikwa, mchanga wote unametameta,
na Mama Kabulo wa Kalemie, mwenye vitenge,
kasikia tumetoka Ulaya, anatujaribu kwa Kifaransa.
Unamjibu vizuri,
kila kitenzi kimevaa viatu.
Anacheka mpaka anashika nguzo ya kibanda.
"Mwanangu, hicho kimepigwa pasi!
Hicho hapa hakinunui hata kilemba.
Kikunje kwanza."
Na palepale anakufundisha kuomba punguzo
kwa lugha tuliyoilipia ujana.
Ukakosea mara mbili. Mara ya tatu
akaondoa elfu nne.

Tulipopanda kuelekea Mwanga, kitenge kwapani,
nikauliza, kama mtu anayeuliza saa:
"Ile barua?"
Hukusema barua gani.
"Ipo. Wananingoja hadi Desemba."
Bodaboda ikapita, tukajibanza ukingoni,
vumbi likatupa nafasi ya kunyamaza.

Mvua ya jana ilikuwa imeosha anga,
na kule ng'ambo, juu ya maji, milima imejitokeza,
mikunjo yake yote, unaweza kuihesabu.
Nikanyoosha kidole. "Ile ni Kongo," nikasema.

Uliitazama.
Ukahamisha kitenge kwapa la pili.
"Ndiyo," ukasema,
lakini ulichelewa.