Pale Palipo Wazi

Naandika haya umeme ukiwepo,
kibandani Ilula, nyuma ya mashine ya kusaga,
trei za mayai zimegandishwa ukutani
kuzuia mngurumo wa malori yanayokwenda kuushuka Kitonga.
Hapa ndipo Vestina Kihwele aliporekodi zote kumi na moja,
amekalia tenga la nyanya, miguu peku,
ligombo la babu yake mapajani
kama mtoto mwenye homa.

Kibuyu cha ligombo kilikuwa na ufa.
Aliuziba kwa nta, na juu yake plasta ya hospitali.
Plasta alikuwa nazo nyingi.

Sikujua kusikiliza wakati ule.
Nilijua kusafisha.
Kila alipofika katikati ya mstari akakata,
mimi niliona shimo kwenye kioo,
wimbi la sauti limelala chali,
nikashika kipanya nilifute.
"Liache," akasema. "Hapo ndipo ninapokaa."

Nikadhani ni mbwembwe.
*Umenipanga juu*
kisha kimya, kisha
*mbovu ziko chini.*
Aliwaimbia walanguzi wa nyanya,
tenga lenye uso mzuri na tumbo lililooza,
na sokoni walicheka hadi walanguzi wenyewe.
Kile kimya wapakiaji wakakijaza
kwa kupiga ubao wa lori, mara mbili, du-du,
mpaka harusi za Mafinga zikawa hazinogi bila huo mlio
na mtangazaji wa Iringa akamwita Malkia wa Kituo.

Mlango mmoja wa moyo wake haukufunga.
Daktari wa Ipamba alimwambia tangu darasa la sita,
matokeo ya koo lililotibiwa kwa maji ya chumvi.
Mama yake alielewa upesi: nyumba yao nayo
ilikuwa na mlango wa namna hiyo,
baridi ya Juni ikiingia wanauegemeza jiwe.

Kwa hiyo alitunga kwa kadiri ya pumzi.
Maneno matano, pumua. Maneno manne.
Mwaka wa mwisho, matatu.
Nimeyahesabu sasa, faili kwa faili,
mistari ikifupika kama penseli ya mtoto wa shule,
na mimi, kwenye daftari langu, niliandika: mtindo mpya.

Tuliambiwa Dar, mwezi wa tisa, kitanda kitapatikana.
Michango ilipitishwa. Walanguzi wale wale
walitoa kuliko sisi sote, hilo niliseme, ni haki yao.
Agosti, tarehe kumi na moja, alijilaza baada ya chai,
ndala mlangoni, moja imepinduka.
Miaka ishirini na sita.

Babu hakulia. Alilegeza nyuzi za ligombo
polepole, kama unavyomvua shati mtoto aliyelala,
akalitundika jikoni, juu ya moshi.

Sasa vijana wanakuja. Wa Kilolo, wa Njombe, hata wa Mbeya,
vifua vipana, mapafu ya kuwasha jiko la mkaa lililolowa.
Wanaimba, wanakata katikati,
wananitazama: "Bro, nimeweka kituo, umekisikia?"
Nimekisikia.
Hakuna mtu anayekaa pale.

Jana mwenye lebo fulani wa Dar amepiga simu.
Anataka ule wa nyanya uwe wa kisasa,
mdundo mzito, na pale palipo wazi
aingie msanii wake, fasta, amalize.
"Si patupu tu pale?"

Nikavaa hedifoni. Nikapandisha sauti hadi mwisho.
Patupu pale kuna mvua juu ya bati.
Kuna lori linabadili gia.
Kuna kuku wa mama Mgaya, marehemu naye.
Na chini kabisa,
kama mtu anayesukuma mlango kwa bega,
yupo.

Nimemjibu kwamba huku umeme umekatika.