Barabara ya Padre

Jumapili ya kwanza ya Majilio tuliwasha mshumaa mmoja,
upepo wa Dodoma ukauzima hata kabla ya somo.
Katekista Sakalani akauwasha tena, akaukinga kwa kiganja,
akasoma hivyo hivyo, kitabu kikiwa magotini.
Mishumaa yetu minne tumeisimika kwenye makopo ya mchanga,
mchanga wenyewe wa korongoni.
Wa rangi ya waridi haukupatikana, Majengo yote tumezunguka;
tukanunua mweupe, Perpetua akauvika utepe
alioufumua kwenye gauni la komunyo ya bintiye.

Jumapili ya pili likaja lile somo la barabara,
mabonde yajae, vilima vishuke,
nasi tukatazamana,
maana padre ana pikipiki
na korongo limeimeza njia.
Noeli iliyopita maji yalijaa.
Padre ng'ambo, sisi huku.
Akatubariki kwa mbali, akageuza.

"Jumamosi, kila nyumba karai moja na jembe!"
Mwenyekiti wa jumuiya ni mimi, sauti ninayo.
Lililonikaba sikulitangaza:
njia ile inapita kwa Leokadia Mchiwa.

Miaka mitano napita kwake nikitazama mlima.
Akinisalimu naitikia kwa pua.
Watu wanajua mbuzi wake walikula karanga zangu,
karanga za mbegu, mwaka ule wa jua kali.
Jiwe hawalijui.
Mbuzi jike mwenye baka, mguu wa nyuma,
ule mlio, kama kuni kavu.
Jioni akauliza kwenye jumuiya nani kaona,
nami, rozari mkononi, nikasema:
"Fisi, mama. Mwaka huu fisi wamezidi."
Fisi gani huvunja mguu akaiacha nyama?

Jumatano nilitembea hadi parokiani kuungama.
Mbuzi nilimweka katikati,
baada ya uvivu, kabla ya maneno makali,
kama mtu anavyopenyeza noti iliyochanika
kwenye bunda la noti nzima.
Padre alikuwa amechoka, foleni ndefu, nikadhani amesinzia.
"Rudia hapo pa mbuzi," akasema.
Nikarudia.
"Sala nakupa moja tu. Iliyobaki iko kijijini kwenu,
na nyumba unaijua."

Jumamosi nilimkuta ametutangulia wote,
kanga kiunoni, karai la tatu.
Sikumwendea. Nilichimba upande wangu hadi jua likasimama,
nikijiambia jembe nalo ni sala.
Kisha likaja jiwe la watu wawili.
Nikashika huku, nikainua macho:
aliyeshika kule ni yeye.

"Leokadia, yule mbuzi..."
"Inua kwanza."
Tukainua.
"Hakuwa fisi."
"Najua. Nilikuwa nyuma ya zizi, nakuona.
Weka hapa. Polepole, vidole vyangu."

Basi.
Hakulia, wala mimi sikupiga magoti.
Akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kutafuta jiwe jingine,
nami nikabaki nahesabu:
miaka mitano, Jumapili zake zote,
kila tulipoambiwa tutakiane amani
mkono wake ulikuja, mkavu, wa mtu anayejua.
Mzigo huo sikuwa nimeuungama,
sikujua kama ninao.

Alasiri mawingu yalikusanyika upande wa Kongwa.
Udongo ukaanza kunukia kabla ya tone.
Wanawake wakazungumza mbegu za uwele,
nani anazo, nani atamkopesha nani.
Korongo tumelijaza hadi magotini, pengine litastahimili,
pengine maji yatalichukua usiku huu huu;
Sakalani anasema tutajaza tena, siku bado zipo.
Kesho ni zamu ya mshumaa wenye utepe.

Wa kwanza kupita juu ya barabara mpya hakuwa padre.
Alikuja akichechemea, mzee sasa, baka lake limefifia,
watoto wawili nyuma yake.
Akasimama katikati, akaninusa gauni la jembe, mpini, jasho,
akangoja.

Nikampisha.